Umekabidhiwa timu ya wavulana? Kubali, afu kaandae mazoezi

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuuliza kabla hujaamua. Niliweke swali lako kwa kifupi ili na wengine wafuatilie: wewe ni mwalimu wa Baiolojia kwenye sekondari moja ya kutwa hapa Tanga mjini, mwalimu wa michezo kahamishwa, mkuu wa shule kakukabidhi timu ya mpira ya wavulana maana anajua ulicheza ulipokuwa chuo, vijana wa kidato cha tatu na cha nne wanachekacheka ukipita, mwalimu mmoja kasema mbele za watu kwamba mtoto wa kike hawezi kuwakalisha chini wanaume wenye ndevu, mama yako kule Muheza hapendi, na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ndo hiyo inakaribia. Unauliza ukubali au uirudishe timu, na ukikubali uanzie wapi.

Kubali. Nakwambia kama mtu ambaye kazi yangu miaka yote hii ni kufundisha mpira na kuwafundisha wanaofundisha, wavulana kwa wasichana, kubali kabisa na wala usiombe muda wa kufikiria. Ila ukishakubali usipoteze nguvu kuwashawishi watu kwa maneno kwamba unaweza, wavulana hawashawishiki kwa maneno. Kijana wa miaka kumi na saba anataka kitu kimoja kwa kocha, awe mchezaji bora kuliko alivyokuwa wiki iliyopita. Akiliona hilo kwako atakufuata, asipoliona hatakufuata hata ungekuwa na mabega kama ya bondia. Hicho ndo kitu nataka ukishike, mengine yote ninayoandika hapa chini yanatoka humo.

Kwanza hao wanaocheka. Kijana wa Tanga kakulia kwenye mpira, kaanza na chandimu mchangani, jioni yuko kibanda umiza anaangalia ligi za Ulaya, Coastal Union ikicheza Mkwakwani anatafuta njia ya kuingia, na nyumbani kuna baba au mjomba anayemsimulia ubingwa wa 1988 kila mwaka kama umetokea jana. Huyo mtu anajua mpira kwa kuutazama, na kocha mpya yeyote lazima ampime, hata angekuja mwanaume. Kwako kipimo kitakuja mapema zaidi na kitakuwa na kicheko ndani yake, basi. Atakuuliza mbele ya wenzake, kocha tunacheza mfumo gani, four three three au four four two? Usiingie kwenye huo ubishi. Mwambie mfumo tutauona baada ya kujua nani anaweza kupokea mpira akiwa na mtu mgongoni, afu piga filimbi muanze. Hilo ni jibu la kocha wa kweli na wataliona, hata kama siku hiyo watanyamaza tu.

Sasa mazoezi yenyewe, na hapa nitakaa kidogo maana ndo penye kazi.

Siku ya kwanza fika uwanjani kabla yao. Kabla yao kabisa, wakute koni zimeshapangwa, au chupa za maji zilizojazwa mchanga kama shule haina koni, na mipira ishajazwa upepo. Ukianza kupanga vitu wakiwa wamesimama wanakuangalia, dakika hizo kumi wanazitumia kukutania na kuzirudisha ni kazi. Anza saa kumi na robo jua likiwa limepungua, maliza saa kumi na moja na nusu au zaidi kidogo, na maliza kwa saa uliyosema hata kama mchezo umenoga. Kumaliza kabla ya Magharibi kutakusaidia kuliko hotuba yoyote kwa wazazi, hapa kwetu kijana akirudi usiku anasema alikuwa mazoezini na lawama zote zinamwendea mwalimu. Na uliza mapema nani jioni anaenda chuo, wapo wengi wana madrasa, usipouliza utakuja kumwita mtoro mtu aliyekuwa anasoma Kurani.

Kupasha mwili joto kuanze na ile programu ya FIFA 11+, ambayo naipenda kwa sababu haitaki kifaa chochote. Ni dakika 20, mazoezi 15 kwa sehemu tatu: kukimbia taratibu dakika 8, halafu nguvu na mizani dakika 10, halafu kukimbia kwa kasi dakika 2. Timu za vijana zinazoifanya walau mara mbili kwa wiki majeraha yanapungua wazi, utafiti wake umefanyika nchi nyingi. Na hapo wewe mwalimu wa Baiolojia una kitu ambacho kocha wengi hawana. Wakati wanafanya lile zoezi la kupiga magoti mwenzako kakushika vifundo vya miguu afu unashuka mbele taratibu, waeleze msuli wa nyuma ya paja unafanya nini mtu anapokimbia kwa kasi na kwa nini winga wao kila msimu anachechemea. Dakika moja tu, usigeuze somo. Yule aliyekuwa anacheka atashika paja lake na kusikiliza kwa sababu unazungumzia paja lake.

Baada ya hapo mduara, watano nje wawili ndani wanakaba, mguso mmoja au miwili, anayepoteza mpira anaingia kati. Kama mna mipira miwili na vijana thelathini usipange foleni ya watu kumi na tano wanaosubiri kupiga shuti, hiyo ndo njia rahisi ya kupoteza darasa zima. Gawa watu, mpira mmoja kwenye mduara, mwingine kwenye mchezo mdogo wa watano kwa watano, na waliobaki wanafanya nguvu na mizani pembeni, kila baada ya dakika nane wanabadilishana. Kwenye mchezo mdogo weka sharti moja, labda goli halihesabiki mpaka timu yako yote ivuke nusu ya uwanja, na somo la siku liwe hilo hilo moja. Simamisha mchezo mara mbili tu. Kocha mgeni ana hamu ya kuonyesha anajua kwa hiyo anapiga filimbi kila dakika, vijana wanachoka na wanaanza kujibu. Ukisimamisha mara mbili na kila mara unaonyesha kitu ambacho kweli kilikuwa kinawasumbua, mara ya tatu wataiomba wenyewe.

Na sauti. Wengi wanaamini mwanamke hawezi kufundisha wavulana kwa sababu sauti haifiki, mimi nakwambia upepo wa baharini wa jioni hapa Tanga unameza sauti ya kila mtu. Usipige kelele kutoka ng'ambo ya uwanja, waite, wakae chini wakiwa wamelipa jua mgongo ili wasikunje macho, ongea kwa sauti ya kawaida nusu dakika, waachie. Na waite kwa majina. Jifunze majina wiki ya kwanza, siyo we namba saba, siyo we mrefu. Kijana ambaye mwalimu wa michezo hajawahi kumjua jina kwa miaka miwili, siku unayomwita jina lake akiwa benchi umeshampata.

Kuna siku moja itakuja, jiandae nayo, ambapo yule nyota wa timu atachelewa makusudi. Anataka kuona utafanya nini na wenzake wote wanangoja. Usimgombeze, usimpigie mkuu wa shule. Sheria ya kuchelewa iwe ilishasemwa siku ya kwanza, fupi, mfano aliyechelewa anaanza benchi mechi inayofuata, basi itekeleze, na hakikisha mechi inayofuata ni ya kirafiki ambayo hata mkifungwa hakuna kinachopotea. Hapo ratiba ndo rafiki yako, omba mechi za kirafiki na shule za jirani mapema ili sheria zako zipate mahali pa kufanyia kazi kabla ya mashindano. Nahodha usimchague wiki ya kwanza, subiri uone nani anaokota mipira bila kuambiwa na nani wenzake wanamgeukia wakifungwa. Mara nyingi siyo yule anayepiga chenga.

Sasa huyo mwenzako aliyesema maneno. Mwambie, au usimwambie, ila ujue mwenyewe, kwamba hilo jambo limeshafanyika mahali pengi na kwa wanaume wakubwa, achilia mbali wanafunzi. Corinne Diacre alichukua timu ya wanaume ya Clermont daraja la pili Ufaransa mwaka 2014, akakaa nayo mpaka 2017 alipoitwa timu ya taifa ya wanawake. Chan Yuen Ting alikuwa na miaka 27 tu alipopewa Eastern ya Hong Kong, akachukua ubingwa wa ligi kuu ya wanaume msimu wa 2015/16. Karibu na sisi kuna Salma al-Majidi wa Sudan, kafundisha timu za wanaume kwenye nchi ambayo wanawake walikuwa hata kucheza wenyewe ni shida. Na hapa hapa kwetu Jonesia Rukyaa alishika filimbi mechi ya Simba na Yanga mwaka 2016, mechi ambayo wanaume wazima wanaikimbia kwa presha. Kama wale wa Simba na Yanga walikaa chini ya filimbi yake, kidato cha tatu watakaa.

Ila mfano ninaoupenda kuliko yote uko Marekani na siyo mpira wetu, ni ule wa kwao wa kubeba mkononi na kuvaa kofia ngumu, ambao kwao ndo mchezo wa wanaume kupita yote. Jiji la Washington, mwaka 1985, mwalimu wa michezo anaitwa Wanda Oates aliteuliwa kuwa kocha mkuu wa timu ya wavulana ya sekondari ya Ballou, uteuzi ukatenguliwa haraka kwa sababu ya upinzani, hakupata hata nafasi ya kuianza kazi. Miaka 25 baadaye, jiji hilo hilo, mwaka 2010, sekondari ya Coolidge ikampa timu ya wavulana mwalimu wa sayansi, Natalie Randolph, ambaye alishacheza huo mchezo kwenye timu ya wanawake, na akaifundisha misimu kadhaa. Mwalimu wa sayansi kama wewe. Nikiangalia hizo tarehe mbili najiuliza vijana wa miaka kumi na sita walibadilika nini hapo katikati, nadhani hawakubadilika sana, wote walitaka kucheza na kushinda. Waliobadilika ni watu wazima waliokuwa wanaamua. Kwa hiyo ukiona upinzani uangalie unatoka wapi. Vijana utawamaliza kwa mazoezi ya wiki chache. Watu wazima wanataka utaratibu na karatasi.

Karatasi maana yake nini, mwombe mkuu wa shule barua ya kukuteua, fupi tu, yenye jina lako na kazi yako, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Siku ambayo mtu atakuja uwanjani kuwaamrisha vijana wako, na atakuja, usigombane naye, barua ipo. Halafu omba mwalimu wa kiume wa kukusaidia, na hili naomba ulichukulie kwa uzito. Usione kama ni kukubali kwamba huwezi peke yako, mimi hata mwanaume anayefundisha timu ya wasichana namwambia lazima awe na mwalimu wa kike pembeni, sheria ni moja. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo usiingie mpaka msaidizi akwambie wameshavaa, maneno ya mapumziko yasemewe nje chini ya mti, ni pazuri zaidi hata kwa hewa. Kijana akiumia kwenye nyonga au kinena msaidizi ndo anamkagua, wewe simama karibu utoe maelekezo. Ujumbe wa simu uende kwenye grupu la timu ambalo na msaidizi yumo, usichati na mchezaji peke yake usiku hata kama anauliza kitu cha kawaida. Nauli na pesa za jezi ashike mwalimu mwingine na ziandikwe. Ukiyafanya haya toka siku ya kwanza, mwenye mdomo atatafuta cha kusema akikose.

Mama. Mama usimshinde kwa hoja, mdogo wangu, mama ana hofu na hofu yake ina sababu, anafikiria watu watasemaje na jina lako. Vaa traksuti pana na mtandio au hijabu yako kama kawaida, kazi ya kocha haikuzuii chochote hapo, na hata kwa wachezaji uwanjani vazi la kichwa lilisharuhusiwa rasmi tangu 2014. Akija mjini mchukue jioni moja aje akae pembeni aone. Akishawaona wale vijana wanamwamkia shikamoo mama wote kwa mpigo, na anaona wanavyokusikiliza, mazungumzo yenu nyumbani yatakuwa mengine. Na mwambie aje na machungwa ya Muheza, yakatwe vipande kwa ajili ya mapumziko, hapo naye anakuwa sehemu ya timu.

Ramadhani ikiwakuta katikati usisimamishe timu, punguza tu. Vijana wengi watakuwa wamefunga na jua la hapa unalijua. Fanya dakika arobaini za kugusa mpira, kupanga kona na faulo, mipangilio ya mabeki, wakiwa wanatembea, na iishe karibu na kufuturu ili mtu akimaliza anaenda kunywa maji. Mbio za nguvu ziache mpaka Idi ipite. Siku za kawaida wanywe maji kila baada ya robo saa bila kuomba ruhusa, kuna makocha wa zamani wanaamini kumnyima kijana maji ni kumkomaza, huo ni ukatili na unaua.

Kuna mambo mawili yatakayokuja kwa kunong'onezwa na nataka uwe umeshaamua kabla. La kwanza mamluki. Mtu atakwambia kuna kijana hatari anacheza ndondo kule mitaani, tumwandike jina la mwanafunzi fulani, kila shule inafanya hivyo. Kataa. Ukigundulika mnaondolewa, na aliyekushauri hatakuwepo, utabaki wewe na watu watasema unaona, mwanamke. Lakini hata usipogundulika, yule mtoto wako wa kidato cha pili aliyekuja mazoezini mwaka mzima ndo umemnyang'anya namba, na wenzake wote wanajua kwamba mwalimu wao anadanganya. La pili ile tunayoiita kamati ya ufundi, yaani mambo ya uganga, na Tanga kwa hilo tunasifika, bure tu. Vijana watachangishana kwenda kwa mzee, wengine watagoma kupita mlangoni watataka kuruka ukuta. Usiwadhihaki, imani ya mtu haitoki kwa kuchekwa. Wape kazi nyingine ya kushika kabla ya mechi, mstari, wimbo, dua ya pamoja ya wale wanaotaka, na hela wanayochanga waambie mnunue soksi na bandeji. Kijana mwenye kitu cha kufanya saa moja kabla ya mechi hana muda wa kuogopa kafara ya wapinzani.

Kuhusu UMISSETA yenyewe, kwa muda uliobaki usijitwishe mzigo wa kombe. Fundisha vitu vitatu tu vya timu nzima: kurudi haraka mkipoteza mpira, kutoka nyuma kwa pasi mkiwa hamjabanwa, na mpangilio wa kona, zenu na za wapinzani. Mechi za shule nyingi naona zinaamuliwa na mipira iliyosimama, kona na faulo, kwa sababu watu wanaidharau mazoezini. Golikipa wako mpe robo saa yake kila siku, kocha wengi wa shule wanamsahau halafu wanamlaumu. Kidato cha nne wakumbuke mtihani wao wa Novemba, ongea na walimu wao wa madarasa, jua nani anashuka. Mchezaji akishuka masomo mpunguzie siku za mazoezi, usimfukuze timu, maana ukimfukuza hataenda maktaba, ataenda kijiweni.

Mkifungwa mechi ya kwanza, na mnaweza kufungwa vizuri tu, watu watasema si tulisema. Waache. Wewe kesho yake uwe uwanjani kabla yao kama kawaida na koni zako, na zoezi la siku hiyo litokane na goli mlilofungwa. Hapo ndo utajua umepata timu au bado, kwa kuangalia wangapi wamekuja.

Na mwisho wa msimu nenda ofisi za chama cha soka cha mkoa ukaulizie kozi, zipo za awali, halafu leseni ya D ya CAF, C na kuendelea. Nenda hata kama utakuwa mwanamke peke yako darasani. Wanawake wenye leseni tunawahitaji sana, umeona wasichana wetu wa Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India 2022, na mwaka uliofuata shule ya Fountain Gate ya Dodoma ikachukua ubingwa wa shule za Afrika kwa wasichana kule Durban. Vipaji vipo, wa kuwafundisha bado wachache, na mwanamke aliyeshawahi kuongoza wavulana akienda kwa wasichana anaenda na kitu cha ziada, na akibaki kwa wavulana pia ni sawa, mpira ni huo huo.

Niandikie tena unitajie mna mipira mingapi, uwanja wenu ni wa nyasi au mchanga, na vijana wangapi wanakuja kwa kawaida, nikuchoree ratiba ya wiki nne za mwanzo siku kwa siku.